Uso Mkavu Wakati wa Kusi

Akina mama na akina dada wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado wanaijua vema miezi ya kusi. Mvua zikishakwisha, upepo hugeuka, usiku huanza kupoa, nyasi za mabondeni hukauka, na nyuso zetu nazo hukauka pamoja nazo. Mtu akinawa asubuhi huona ngozi imewambwa kama ngoma. Akicheka, pembe za mdomo humwuma. Akijipangusa kwa kanga, unga mweupe hubaki kwenye nguo. Wengine husema uso umepauka, wengine husema umechakaa, na wako wanaodhani ni uzee umewajia kabla ya wakati wake.

Mimi ni mtumishi wa serikali katika wilaya ya Palma. Kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu, na tabia ya mwalimu haimtoki mtu: jambo likimsumbua hupenda kulijua asili yake kabla ya kulitafutia dawa. Suala hili la ukavu wa uso limeigusa nyumba yetu kwa namna ambayo hatutaisahau, kama nitakavyoeleza. Kwa hiyo nimeona yafaa niwashirikishe wasomaji wa ukurasa huu yale niliyojifunza, baadhi kwa bibi yangu, baadhi kwa watu wa afya, na baadhi kwa kusoma.

UKAVU WA NAMNA MBILI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba ukavu wa uso ni wa namna mbili, na dawa zake si moja. Iko ngozi iliyopungukiwa mafuta, na iko ngozi iliyopungukiwa maji.

Ngozi iliyopungukiwa mafuta aghalabu ni maumbile. Mwenye ngozi hiyo amekuwa nayo tangu utoto, haing'ai hata mchana wa jua kali, huparuza ukiigusa, na vitundu vyake ni vidogo hata havionekani. Umri nao huleta hali hii, kwa sababu kadiri miaka inavyosonga ndivyo ngozi inavyopunguza kutoa mafuta yake yenyewe, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi.

Ngozi iliyopungukiwa maji, kwa upande mwingine, si maumbile bali ni hali inayokuja na kuondoka. Inaweza kumpata mtu yeyote, hata yule ambaye uso wake hutoa mafuta mengi. Ndiyo maana utamsikia binti akilalamika kwamba paji la uso linang'aa na huku mashavu yanamvuta. Dalili yake nyingine ni mikunjo midogo midogo, myembamba kama uzi, inayoonekana chini ya macho wakati wa kutabasamu na ambayo hupungua mtu akipata mapumziko na matunzo.

Ukitaka kujua uko upande gani, nawa uso kwa maji matupu ya vuguvugu, ujikaushe taratibu, kisha ukae nusu saa bila kujipaka kitu chochote. Uso ukiwa umevuta na kuparuza kila mahali, umepungukiwa mafuta. Ukiwa umevuta lakini paji na pua vinang'aa, umepungukiwa maji. Na wako wenye yote mawili kwa pamoja, hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

UKUTA WA MAWE NA CHOKAA

Anayetaka kuelewa kwa nini maji huikimbia ngozi na azitazame nyumba za zamani za kisiwa cha Ibo. Kuta zake zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kati ya jiwe na jiwe imejazwa chokaa. Chokaa ikiwa nzima, mvua haipenyi. Chokaa ikibanduka, mawe hubaki pale pale, lakini maji hupita katika nyufa na nyumba huanza kuoza.

Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa hivyo hivyo. Lina chembe ngumu zilizopangwa kama mawe, na katikati yake lina mafuta maalumu yanayozishikamanisha kama chokaa. Kazi ya ukuta huo ni kuzuia vumbi na vijidudu visiingie, na kuzuia maji ya mwilini yasipotee hewani. Kila saa, usiku na mchana, maji kidogo hutoka mwilini kupitia ngozi bila ya sisi kuyaona. Mafuta yale yakipungua, maji hutoka kwa wingi zaidi, na hewa ikiwa kavu huyavuta kwa haraka zaidi. Hapo ndipo uso unapovuta, unapasuka na kuwasha.

Sasa, ni nini kinachoibandua chokaa hiyo? Kwetu sisi watu wa pwani sababu ni nyingi. Kuna jua, na kuna upepo wa bahari. Kuna maji ya chumvi yanayokauka usoni mwa akina mama waendao ufukoni maji yanapokupwa, kuokota kombe na kutafuta pweza kwa saa nyingi. Kuna moshi na joto la jiko la kuni. Lakini adui mkubwa kuliko wote yumo ndani ya nyumba zetu, naye ni sabuni ya mche ya kufulia. Ngozi ya uso kwa asili ina asidi kidogo. Katika kipimo cha asidi husimama karibu na 5. Sabuni ya mche hufika 9 au 10. Imetengenezwa ili iondoe mafuta katika nguo, nayo haichagui: ikipelekwa usoni huyaondoa na yale yanayoushikilia ukuta.

MSIRO WA BIBI ZETU

Haiwezekani kuzungumzia uso wa mwanamke wa pwani hii pasipo kuutaja msiro. Wamwani na Wamakua wameutumia kwa vizazi vingi, na mgeni afikapo Ibo, Pemba au Ilha de Moçambique, jambo analolikumbuka ni nyuso nyeupe za akina mama sokoni. Msiro hutokana na mti ambao wataalamu wa mimea huuita Olax dissitiflora. Huchukuliwa kipande cha kijiti chake, jiwe la kusagia likatiwa maji kidogo, kijiti kikasuguliwa juu ya jiwe hadi upatikane uji mweupe mzito. Uji huo ndio unaopakwa usoni, ukaachwa ukauke.

Hatuko peke yetu katika desturi hii. Ndugu zetu wa Zanzibar na Lamu wana liwa yao, wanawake wa Komoro wana msindzano, wa Madagaska wana masonjoany, na mbali kabisa ng'ambo ya bahari hii hii ya Hindi, wanawake wa Burma husaga gome la mti waitao thanaka. Inaonekana kila mahali penye jua kali na upepo wa bahari wanawake wamefikia uamuzi mmoja: uso ufunikwe kwa kitu cha baridi kitokacho mtini.

Mimi nauheshimu msiro na ninautumia. Hata hivyo, yafaa tuujue mpaka wa kazi yake. Msiro ni pambo, hupoza uso, na ule utando wake husaidia kiasi kuukinga na ukali wa mchana. Lakini msiro si mafuta, wala hauchukui nafasi ya kofia au mtandio. Ukiachwa usoni siku nzima hadi upasuke na kudondoka, uso uliokwisha kuwa mkavu huzidi kuvutwa. Bibi yangu alitulea katika kanuni mbili ambazo nimekuja kuona kuwa zina maana kubwa. Kwanza, msiro uoshwe kabla haujaanza kupasuka, tena kwa maji, siyo kwa kuukwangua. Pili, msiro ukishaoshwa, mafuta ya nazi yafuate papo hapo, uso ungali na majimaji. Wengi wetu tumeirithi rangi nyeupe tukaiacha ile chupa ya mafuta iliyokuwa ikisimama kando yake.

YALIYOMPATA MDOGO WANGU

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma uliposhambuliwa, sisi tulikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbia. Tulifika Pemba, makao makuu ya jimbo, kwa njia ya bahari, tukapokewa katika nyumba ya ndugu ambayo tayari ilikuwa imejaa. Maji tuliyanunua kwa dumu. Sabuni ilikuwa mche mmoja kwa sufuria, kwa nguo, kwa watoto na kwa nyuso zetu. Miezi miwili haikupita, kusi ikaanza.

Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Mashavu yake yalipauka, kisha yakaanza kutoa magamba. Katika hali ya kawaida ni jambo dogo, lakini binti aliyepoteza nyumba, shule na rafiki zake kwa siku moja halioni hivyo. Alianza kujifunika mtandio hata ndani. Siku moja aliniambia, "Dada, mtu akinitazama tu anajua kwamba mimi ni mkimbizi." Neno hilo liliniuma kuliko njaa.

Muda si muda akanunua kikopo kwa mchuuzi wa barabarani. Hakikuwa na maandishi ya maana. Aliambiwa kwamba kingemfungua uso. Kwa muda wa wiki tatu kweli ulifunguka: ulilainika, ukang'aa, ukawa mweupe kidogo, naye akaanza tena kutoka nje. Wiki ya nne ukaanza kuwaka. Vipele vilitokea, vishipa vyekundu vikaonekana mashavuni, na jua la saa tatu tu la asubuhi lilimtoa machozi. Akiacha kupaka, uso ulimwuma zaidi. Akipaka, ulitulia kwa siku moja. Ndivyo mkorogo unavyomfunga mtu.

Tulimpeleka kwa mhudumu wa afya, naye jambo la kwanza aliloomba ni kukiona kikopo. Alitueleza kwamba dalili zile ni za dawa kali ya jamii ya steroidi, ambayo daktari huitoa kwa ugonjwa maalumu na kwa siku chache. Ikitumiwa ovyo usoni huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ngozi nyembamba haiwezi kuzuia maji. Kwa maneno mengine, dawa aliyoinunua kwa ajili ya ukavu ndiyo iliyoubomoa ukuta wenyewe. Alimpangia namna ya kuiacha chini ya uangalizi wake.

Bibi hakumgombeza. Alimkalisha mkekani akamwambia, "Mjukuu wangu, uso wako haukuwa na uchafu hata ukauosha kwa moto. Ulikuwa na kiu." Tangu siku hiyo aliuosha uso wa mjukuu wake kwa mkono wake mwenyewe, maji matupu asubuhi na jioni, na mafuta kidogo juu yake. Msiro alimkatalia mpaka vidonda vipone. Miezi ilipita. Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa zikielekea kwisha ndipo mdogo wangu alipoukaa tena uani bila mtandio. Alama ndogo zimebaki shavuni, lakini ngozi imerudi kuwa ngozi.

Nimeyaandika haya kwa idhini yake, kwa kuwa vikopo vya namna ile bado vinauzwa, na wanunuzi wake wakubwa ni mabinti wa umri ule. Ndani yake mna ama steroidi kama klobetasoli, ama haidrokwinoni, ama zebaki. Zebaki hudhuru figo na akili, na hupita kutoka kwa mama mjamzito hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulitaka vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye zebaki viondolewe ifikapo mwaka 2020. Mkataba ni jambo jema, lakini mlinzi wa kwanza ni mnunuzi. Kipodozi kisichoandikwa kilichomo ndani yake kisipakwe usoni, hata kiwe cha bei rahisi namna gani.

NAMNA YA KUUTUNZA USO

Matunzo yanayofaa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mpango na kuushika mpango huo kila siku.

Asubuhi, nawa kwa maji matupu. Yasiwe ya moto, maana maji ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi. Jioni, ikiwa uso una vumbi, moshi au msiro mkavu, tumia sabuni laini ya kuogea, kidogo tu, tena kwa kuipaka povu mkononi kwanza. Sabuni ya mche ibaki na nguo. Usisugue uso kwa dodoki wala kwa mchanga. Magamba ya ukavu si taka za kukwanguliwa.

Baada ya kunawa, gusagusa uso kwa kitambaa safi, usiufute kwa nguvu. Uache na majimaji kidogo, kisha upake mafuta kabla hazijapita dakika tatu. Hii ndiyo siri kubwa ya jambo hili lote. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi; kazi yake ni kuyafungia yale yaliyopo. Mwenye kupaka mafuta juu ya uso uliokwisha kukauka amefunga mlango wa ghala tupu.

Mafuta gani? Kwetu mafuta ya nazi ni rafiki wa karibu. Mwaka 2004 watafiti wa Ufilipino waliyalinganisha na mafuta ya madini kwa watu wenye ngozi kavu, wakaona yote mawili yanafaa na yana usalama ulio sawa. Namna ya kuyapata kila mama anaijua: kuna nazi tano zilizokomaa, kamua tui zito bila maji mengi, chuja, kisha bandika juu ya moto mdogo huku ukikoroga hadi mashapo yawe ya kahawia na mafuta yaelee juu. Yaepue, yaache yapoe, yachuje kwa kitambaa safi, uyatie katika chupa kavu yenye kifuniko. Maji yakibaki ndani yatachacha. Matone matatu au manne yatosha uso mzima.

Hata hivyo, mafuta ya nazi hayamfai kila mtu. Mwenye chunusi huziba vitundu akazidisha chunusi zake. Huyo na apake mafuta mazito ya vaselini, kidogo sana, kwenye mashavu yanayovuta tu, au atumie glisirini. Glisirini huvuta maji na kuyashika, lakini ikipakwa tupu hunata na huweza kuchoma. Kijiko kimoja kichanganywe na vijiko vinne vya maji yaliyochemshwa yakapoa, na mchanganyiko huo usikae zaidi ya siku moja. Jihadhari na ndimu. Wako wanaoipaka ili kung'arisha uso, kisha wakatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya muda mrefu.

Mchana, mtandio au kofia pana ya ukili ina thamani kuliko vikopo vingi. Kuhusu maji ya kunywa, ni lazima kuyanywa kwa kadiri ya kiu na kazi, na zaidi kwa waendao ufukoni na mashambani. Katika mwezi wa Ramadhani yanywewe kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku. Lakini tusidanganyike kwamba maji ya kunywa peke yake yataponya uso ambao ukuta wake umebomoka. Mtungi uliotoboka haujai kwa kuongezewa maji.

UKAVU AMBAO SI UKAVU

Mwisho, yapo mambo matatu ambayo kwa macho yanafanana na ukavu na kumbe ni maradhi.

Doa lililopauka usoni au mwilini ambalo halihisi mguso wala joto lionyeshwe hospitalini upesi. Huenda likawa ukoma, ugonjwa ambao bado upo katika jimbo letu. Dawa zake hutolewa bure, nao hupona kabisa ukiwahiwa.

Ngozi iliyoiva, nyeusi na ngumu, inayotokea sawasawa pande zote mbili za uso, ikazunguka shingo kama mkufu na kushika migongo ya mikono, huweza kuwa pelagra, maradhi ya kukosa chakula chenye niasini. Huandamana na kuharisha na kuchanganyikiwa. Jambo hili linatuhusu sana. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra zaidi ya 18,000, baada ya karanga kukosekana katika mgawo wao na chakula kubaki mahindi. Mahindi yana niasini, lakini imefungika namna ambayo mwili hauipati kwa urahisi. Karanga, samaki na kunde ndizo kinga. Familia inayokula ugali mtupu kwa miezi isihangaike na mafuta ya uso; itafute karanga na dagaa kwanza, na iende kwa mganga wa hospitali.

Tatu, ukavu unaotoa maji, unaonuka, au unaomnyima mtoto usingizi kwa kuwasha, huo nao si wa kutibiwa kwa chupa ya nyumbani.

Akina mama wenzangu, uso mkavu si aibu wala si dalili ya uchafu. Tuwaambie hivyo mabinti zetu mapema, kabla mchuuzi hajawaambia vinginevyo. Na kusi ya mwaka huu itakapoanza, chupa ya mafuta na iwe tayari kando ya jiwe la msiro, na mche wa sabuni ukae huko kwenye beseni la nguo.